Kuunda staili ya sebene isiyoharibika ukitoka C

Umeunda staili, yaani usindikizaji wa kinanda unaofuata kodi unayoshika kwa mkono wa kushoto. Umerekodi ngoma, besi na gitaa, ukashika C, ikacheza vizuri kabisa. Ukashika F, gitaa likapanda juu kama filimbi. Ukashika Am, ikatokea noti inayogombana na waimbaji. Ukabadilisha kodi kabla kipimo hakijaisha, besi ikakatika. Mgeni akifika hapo hufuta kila kitu na kurekodi upya, halafu anakutana na kasoro zile zile. Mara nyingi alichorekodi hakina tatizo. Kilichokosekana ni sheria za kuhamisha noti, na kasoro za sheria hizo hazisikiki ukiwa umeshika C.

Maelezo haya yanafuata vinanda vya Yamaha vya PSR-S na PSR-SX, vyenye ukurasa wa Style Creator. PSR-E haina ukurasa huo. Baadhi yake hupokea faili la staili lililotengenezwa kwingine, lakini huwezi kuunda humo.

Staili ina traki 8: Rhythm 1, Rhythm 2, Bass, Chord 1, Chord 2, Pad, Phrase 1 na Phrase 2. Ina sehemu 15: Intro 3 za kuanzia, Main 4 za mwili wa wimbo, Fill In 4 za kuvukia, Break 1 ya kukatisha na Ending 3 za kumalizia. Usiogope hiyo 15. Kwa ibada au sherehe anza na Main A ya beti, Main D ya sebene, Fill In zake mbili na Ending moja. Nyingine utaongeza baadaye.

Fungua Style Creator, chagua kuanza upya, weka mapigo 4/4, kisha chagua urefu wa sehemu kabla ya kurekodi chochote. Main A vipimo 2 vinatosha, Main D vipimo 4. Fill In na Break huwezi kuzirefusha: kinanda kimezifunga kwenye kipimo kimoja. Kama unaanzia kwenye staili ya kiwandani badala ya ukurasa mtupu, traki za ngoma unaweza kuzirekodia juu yake, ila kuanzia Bass hadi Phrase 2 lazima ufute kilichomo kwanza. Ndiyo maana wengine hubonyeza kurekodi na kinanda kinakataa.

Ngoma kuu ziweke Rhythm 2, kayamba na konga ziweke Rhythm 1, ili baadaye uweze kupunguza kayamba bila kugusa sneya. Teremsha mwendo hadi 80 wakati wa kurekodi. Ukimaliza rudisha 125, ambayo ni pazuri pa kuanzia kwa sebene. Kurekodi kunazunguka, yaani kipande kinajirudia na kila unachopiga kinaongezeka juu ya kilichopo. Kwa hiyo piga kiki peke yake mzunguko wa kwanza, sneya mzunguko wa pili, haihati wa tatu. Anayetaka kupiga vyote kwa vidole vya mikono miwili kwa mara moja hupata ngoma zinazokimbizana.

Kwenye kinanda cha vibonye 61, kibonye cha kwanza kabisa kushoto, C1, ndicho kiki. D1 ni sneya, C#1 ni mlio wa kugonga ukingo wa sneya, F#1 haihati iliyofungwa, A#1 haihati iliyofunguliwa. Gawa kipimo kimoja katika vipande 16. Kiki iangukie 1, 5, 9 na 13. Sneya iangukie 1, 4, 7, 11 na 12. Hesabu ya sneya kwa sauti, 3-3-4-1-5, mpaka mkono uizoee. Viwili vile vya karibu, 11 na 12, ndivyo vinavyolifanya sebene likimbie, na baada yake pana ukimya mpaka mwisho wa kipimo. Mgeni huujaza ukimya huo kwa sneya nyingine, na sebene linageuka kuwa disko. Uache.

Haihati iweke kwenye 3, 7, 11 na 15. Kayamba ipite vipande vyote 16, ila kwa nguvu tofauti. Nguvu ya noti huhesabiwa 1 hadi 127: vipande vya 1, 5, 9 na 13 vipe kama 80, vilivyobaki 45 hadi 55. Kayamba yenye nguvu moja mwanzo hadi mwisho inasikika kama mashine ya kusaga. Ukikosea ngoma moja usifute traki nzima. Kuna kitufe cha kufuta ngoma moja tu: kishikilie, bonyeza kibonye cha ngoma iliyokosewa, nayo inaondoka peke yake. Kunyoosha muda (Quantize) fanya kwa noti za kumi na sita, bila kuyumbisha. Sebene linataka vipande sawa.

Sasa besi, na hapa ndipo kosa kubwa la kwanza hufanyika. Mpigaji anajua sebene lake linazunguka C, F, G, F, basi anarekodi mzunguko huo wote ndani ya Main. Akija kuutumia, anashika F kwa mkono wa kushoto na kinanda kinahamisha kila kitu: C iliyorekodiwa inakuwa F, na F iliyorekodiwa inakuwa Bb. Ndani ya Main na Fill In rekodi kodi moja tu, ile ambayo kinanda kimeichukua kuwa chanzo. Yamaha huanza na CM7. Mzunguko utaupiga wewe mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Intro na Ending ndizo zinazoruhusu mzunguko wa kodi ndani yake.

Noti za kutumia ni C, E, G na B, ambazo ni za kodi yenyewe, pamoja na D na A za kupitia. F iache kabisa. Kwa besi ya sebene C, E na G zinatosha, na A ikipita haraka.

Baada ya kurekodi nenda kwenye ukurasa wa sheria. Kwenye PSR-S unaitwa Parameter, kwenye PSR-SX nyingi unaitwa SFF Edit. Humo kila traki ina sheria zake.

NTR ndiyo inayoamua noti zihame vipi mzizi wa kodi, yaani noti inayoipa kodi jina, unapobadilika. Ikiwa Root Trans, umbo linabaki vile vile na kuhama zima zima: C3, E3, G3 ukishika F inakuwa F3, A3, C4. Ikiwa Root Fixed, noti hubaki karibu na zilipokuwa: C3, E3, G3 inakuwa C3, F3, A3, kama mkono wa mpiga piano asiyependa kuruka. Besi na gitaa la solo vipe Root Trans, maana mstari wake lazima ubaki na umbo lake. Piano, kinanda cha kanisa na nyuzi zinazoshikilia kodi vipe Root Fixed. Ukivipa Root Trans, kila ukihama kodi, nyuzi zote zinaruka juu na chini, na waimbaji wanapoteza pa kushika.

NTT inaamua noti zibadilike vipi kodi ikiwa ya huzuni (minor), ya saba na kadhalika. Melody ni ya mistari, Chord ni ya traki zinazoshika kodi, Bypass haigeuzi aina ya kodi hata kidogo. Ukishika Am na kusikia C# ndani yake, usitafute zaidi: kuna traki yenye Root Trans ambayo NTT yake ni Bypass. Imehamisha C-E-G kwenda A-C#-E bila kujali kwamba umeshika kodi ya huzuni. Ibadilishe iwe Melody na C# inageuka C.

Ngoma ni kinyume chake. Ngoma zinataka Root Fixed na Bypass, kwa sababu kila noti ya ngoma ni chombo kingine. Kwenye faili za kuletewa utakuta konga zimewekwa Phrase 2 kwa sheria za gitaa. Ukishika C zinalia vizuri, ukishika D konga inageuka kuwa chombo kingine kabisa. Anayesikiliza anadhani kinanda kimeharibika.

Kwa besi washa pia sheria ya Bass On, kisha aina ya kushika kodi iwe Fingered On Bass. Bila hivyo ukishika G/B (G yenye B kwenye besi) au F/A besi itaendelea kulia G na F, na nyimbo za kwaya zinategemea sana besi inayoshuka hatua kwa hatua.

Sasa lile gitaa lililogeuka filimbi. High Key ndiyo mzizi wa kodi wa mwisho ambao traki inaruhusiwa kupanda nao. Ikipita hapo inashuka oktava moja. Chukua besi uliyoirekodi ikianzia C1. High Key ikiwa F, basi F inapanda kuwa F1, lakini F# inashuka kuwa F#0 na G inakuwa G0. Ukiweka D#, hata E inashuka hadi E0, ambayo ndiyo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne. Kwenye karatasi inapendeza. Ila E0 ni takribani hezi 41, na spika ndogo haziitoi: watu wataona besi imepotea kila ukifika E. Kwa spika za namna hiyo ni afadhali F au G.

Note Limit inaweka sakafu na dari. Besi ipe E0 hadi G2. Gitaa la solo lipe G2 hadi E5, la ridhimu E1 hadi C5. Noti ikitoka nje ya mipaka hiyo kinanda kinairudisha kwa oktava, kwa hiyo usibane mno. Ukilipa gitaa la solo oktava moja tu, mstari uliopanda vizuri utavunjika katikati na kuanza kushuka.

Besi inayokatika ni kazi ya RTR, sheria ya noti ambayo bado inalia wakati kodi inabadilika. Stop huizima, na ndiyo chanzo cha lile shimo. Besi ipe Retrigger to Root: ukishika G katikati ya noti, inapigwa upya kwenye mzizi wa G. Pitch Shift huivuta noti hadi mahali papya bila kuipiga upya. Kwa nyuzi ndefu inakubalika, kwa gitaa la solo inatoa mlio wa kuteleza ambao hakuna mpiga solo anayeupiga.

Magitaa ya sebene ni mawili angalau. La ridhimu weka Chord 1, la solo Phrase 1. Yarekodi yakijibizana: ridhimu likipiga C na E katikati ya kinanda, solo likae oktava juu na lipumzike kipande cha 1. Yote mawili yakianza pamoja kwenye kipande cha 1, yanafunikana na kiki. Solo usilinyooshe muda kikamilifu. Kuchelewa kidogo kwa kidole ndiko kunakolifanya lisikike la mtu.

Kabla ya kuhifadhi, jaribu hivi. Piga C, F, G, F mara mbili. Rudia ukianzia F, kisha A, kisha Eb. Halafu shika Am, Dm, E7 na G/B, kila moja kipimo kizima. Mwisho badilisha kodi kila pigo la tatu, pale ambapo waimbaji huwahi. Kasoro ikitokea, zima traki moja moja mpaka upate yenye kosa, ndipo ufungue sheria zake.

Hifadhi mara kwa mara. Ukichagua staili nyingine au umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, kazi yote imeondoka. Weka nakala kwenye flashi, kwa jina lenye mwendo na tarehe ili usichanganye.

Faili za kuletewa zina mitego miwili. Wa kwanza ni sauti zinazoitwa Mega Voice. Ndani yake nguvu ya noti huchagua namna ya kupiga uzi, na noti za juu ya C6 ni mikwaruzo ya mkono. Kinanda kisicho na sauti hiyo huweka gitaa la kawaida, na mikwaruzo hugeuka vilio vikali vya juu. Futa noti zote za juu ya C6 kwenye traki hiyo, kisha sawazisha nguvu. Mtego wa pili ni kompyuta. Faili la staili ni midi iliyobeba sheria zile ndani yake. Ukilifungua kwenye programu ya kawaida ya muziki na kulihifadhi kama midi, noti zinabaki na sheria zinapotea. Tumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya staili, au rudi kuziandika upya kwenye kinanda, traki kwa traki.

Mwenye Korg ya Pa atakuta majina tofauti: traki ni Drum, Perc, Bass na Acc 1 hadi 5, na Main huitwa Variation. Faida yake ni kwamba kila Variation inaweza kubeba vipande hadi 6, na wewe unaamua kodi ipi ifuate kipande kipi. Unaweza kurekodi gitaa la kodi kubwa na gitaa la kodi za huzuni kila moja peke yake. Kwa sebene linalopita Am na Dm mara kwa mara, kazi hiyo ya ziada ifanye.