Maswali ya wasomaji wa Tanga kuhusu wapenzi wa jinsia moja

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 22. Majirani hapa Makorora wanamsema kuwa ni shoga, na baba yake anataka kumfukuza. Nifanye nini?

Jibu: Mama yangu, nakuomba usikubali afukuzwe. Kijana anayetolewa nyumbani bila kazi wala pa kulala huishia kwa watu wanaomtumia watakavyo, na siku akiumwa au akitishwa hana wa kumwendea. Zungumza na baba yake mkiwa wawili tu, mashemeji wasiwepo, umwombe kijana aendelee kula na kulala kwenu. Msimlazimishe kukiri chochote. Maneno ya barazani hayathibitishi kitu, na hata yakiwa ya kweli, huyo bado ni mwanao.

Swali: Mambo haya si yameletwa na Wazungu?

Jibu: Sheria inayoyaadhibu ndiyo iliyoletwa na utawala wa Waingereza, na Bunge letu likaikaza mwaka 1998, adhabu ikawa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Watu wenyewe walikuwepo pwani hii tangu zamani, wakipamba maharusi na kuchangamsha ngoma, huku kila mtu akijua habari zao na hakuna anayezitaja. Wengi huukumbuka ukimya ule kama uvumilivu, lakini mimi naona ulimlinda mtu kwa muda tu ambao wakubwa hawakuwa na haja naye. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya wanaoshukiwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema huo haukuwa msimamo wa serikali, ila hofu ilikwisha kuingia majumbani.

Swali: Je, huu ni ugonjwa?

Jibu: Hapana. Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Fedha za mganga zilipieni ada ya shule.

Swali: Polisi wanaweza kunikamata kwa sababu tu watu wananijua?

Jibu: Mdogo wangu, sheria inaadhibu tendo, haiadhibu hali ya mtu. Hata hivyo, wapo waliokamatwa kwa kushukiwa tu, na wengine wakalazimishwa kupimwa njia ya haja kubwa, kipimo ambacho Chama cha Madaktari Duniani kilitaka kikomeshwe mwaka 2017. Usiweke picha za faragha katika simu, na anayekudai fedha ili asikutangaze usimlipe, kwa maana atarudi. Mweleze mapema mwanasheria au ndugu unayemwamini.

Swali: Mimi ni mwalimu wa madrasa. Mnataka niache mafundisho ya dini yangu?

Jibu: Hapana, ustadhi. Fundisha unachokiamini, na pamoja nacho wasomeshe vijana aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, inayokataza kupelelezana na kusengenyana. Vijana wa mtaani wakipanga kumpiga mtu, wewe watakusikiliza kuliko mimi, kwa hiyo wazuie.