Usukani unatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni bodaboda hapa Morogoro, natumia pikipiki ya cc 150 niliyonunua mkononi kwa mtu, shida yake nikifika spidi 60 kwenda juu usukani unatetemeka sana, kidole cha mwisho na cha jirani yake vinakufa ganzi, nikipeleka abiria Dumila nikirudi jioni hata kushika kijiko kazi. Fundi mmoja kanambia niweke vyuma vizito kwenye ncha za usukani na gripu za sponji, mwingine anasema cc 150 zote ndo zilivyo nizoee tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hilo la kuzoea usilikubali. Kweli injini ya silinda moja lazima itetemeke, na mtetemo unapanda haraka kuliko injini yenyewe, ikitoka mizunguko 3,000 kwa dakika kwenda 6,000 nguvu ya kutikisa inakuwa mara nne, sio mbili. Lakini kufikia kijiko kukushinda hapo imezidi. Ulaya tangu 2002 kuna sheria kwa waajiri, mtetemo wa mikononi hauruhusiwi kupita 5 m/s² (kipimo cha ukali wa mtetemo) kwa wastani wa kazi ya masaa 8. Bodaboda hana bosi wa kumpimia, inabidi ajilinde mwenyewe.

Kabla hujanunua kitu jua kwanza unatoka wapi. Tafuta barabara imenyooka na haina magari, usiwe na abiria, fika hiyo 60 halafu shika klachi na uachie mafuta. Mtetemo ukikata hapohapo ni injini, ukiendelea huku spidi inashuka ni magurudumu.

Kama ni injini anza na bolti zinazoishika kwenye chesisi, na hapa nakuomba usiwe na haraka maana kwenye pikipiki za mkononi ndo panasahaulika kuliko pote. Iache ipoe, kaza zote, iliyokwisha meno badilisha, halafu safisha pale bolti zinapoingia uangalie ufa, unaweza kujificha chini ya tope na rangi usiuone kabisa. Bolti zinazobana usukani nazo kaza. Cheni ikilegea sana inapiga, ikibana sana inanguruma, pikipiki nyingi za saizi yako zinataka icheze kama milimita 20 mpaka 30 katikati. Kama safari zako nyingi ni za lami, sproketi ya mbele ukitoa ya meno 14 ukaweka ya 15 injini itazunguka taratibu zaidi kwa spidi ileile, ila mlimani na mzigo itakuwa nzito, fikiria kwanza.

Kwa magurudumu angalia upepo, spoku zilizolegea, rimu iliyopinda, beringi. Simamisha pikipiki tairi la mbele liwe juu, shika foko kwa chini uvute mbele na nyuma, ikigonga beringi za shingo ya usukani zimelegea au zimekufa, na hiyo sio ya kulala nayo.

Vyuma vya kwenye ncha vinasaidia, huyo fundi hajakudanganya. Usukani ukiwa mzito unabadilisha spidi ambayo unatetemeka zaidi, kwa hiyo pale kwenye 60 unatulia. Ila viweke mwisho, baada ya kukaza kila kitu, na hakikisha upande wa mafuta havigusi gripu, ukiachia lazima irudi yenyewe fasta. Wengine wanajaza mchanga ndani ya bomba, mi sishauri, unashika unyevu na bomba linaoza kwa ndani. Gripu za sponji nene sizipendi kwa kazi ya siku nzima, mkono unalazimika kukaba, na ukikaba ndo mtetemo unaingia vizuri zaidi. Shika kwa ulegevu.

Vidole ulivyotaja vinaniambia kuna mshipa wa fahamu unagandamizwa kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho, kwa hiyo usiegemee usukani, zungusha kidogo kiganja kilale sawa na mkono na pumzisha kila unaposhusha abiria. Ukiamka asubuhi ganzi bado ipo, au vitu vinakuponyoka, nenda hospitali na umwambie daktari unaendesha masaa mangapi kwa siku, asipojua hilo anaweza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa.