Bakteria wa soya kwenye maharage

Je, pakiti ya unga wa bakteria wa soya, wale wanaokaa mizizini na kuupa mmea nitrojeni, inafaa kwa maharage? Hapana. Soya hutaka bakteria aitwaye Bradyrhizobium, maharage yana Rhizobium wake, kwa hiyo soma jina la zao kwenye pakiti kabla ya kulipa. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, kama gramu 10 kwa kilo ya mbegu, kisha panda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Jua huwaua bakteria, na ukimwaga urea (mbolea ya nitrojeni) mmea hauhangaiki nao tena. TSP (mbolea ya fosforasi) weka, maana fosforasi bakteria hawaileti. Maharage yakitoa maua, chimbua shina moja upasue vinundu vya mizizini wanamokaa bakteria: ndani pakiwa pekundu wanafanya kazi, pakiwa peupe au kijani hamna kitu.