Mshumaa mmoja, Dominika nne

Juma hili mdogo wangu mmoja wa hapa Bukavu, tuliyeimba naye korali zamani, ameniandikia: "Yaya, dada yangu, Majilio hayanigusi tena. Nikimwona padri amevaa zambarau nawaza karo na kodi ya nyumba tu. Wewe unafanyaje?" Nimelala na swali hilo siku mbili. Najua si lake peke yake. Wengi mnaonisoma mnautamani moyo ule wa utotoni, kama nilivyoutamani mimi.

Kwetu Kadutu, hapa Bukavu, Majilio, zile Dominika nne za kungojea Noeli, yalikuwa njia ya kuifikia, na Noeli ilikuwa mchele, nyama na gauni ambalo mama alilificha chini ya kitanda. Desemba 1999 nilikuwa na miaka tisa. Askofu Mkuu wa Bukavu, Emmanuel Kataliko, alitoa ujumbe wa Noeli ulioikera serikali ya waasi, na Februari 2000 wakampeleka uhamishoni Butembo. Nakumbuka wakubwa wakinong'ona uani, nami nikiuliza tu kama gauni langu litanitosha tena mwaka ujao. Alirudi Septemba, na Oktoba akafia Roma. Leo ndipo naelewa wale wakubwa walikuwa wakingoja kitu gani.

Mwaka huu wa 2025 ngoja-ngoja imeingia nyumbani kwangu. Tangu Februari, mji ulipotekwa na waasi wa M23 na benki zikafungwa, sijapata mshahara. Nilitunza hesabu za ofisi moja miaka minane, tena vizuri, na wakubwa wake waliondoka bila kutuaga. Lililoniumiza zaidi ni mama mmoja wa shirika letu la mtaani. Nilimlipia mwanawe karo miaka miwili, lakini siku hizi akiniona njiani anageukia upande wa pili. Bado inauma, sitaficha.

Dominika ya kwanza, tarehe 30 Novemba, walisoma Isaya, panga zikifuliwa kuwa majembe. Nilisikia hasira. Nilitoka kabla ya komunyo.

Jioni umeme haukuwepo, mvua inapiga mabati. Mwanangu wa miaka sita akachukua mshumaa wetu, akaudondoshea nta kwenye kifuniko cha kopo la maziwa na kuusimamisha. "Mama, mwalimu wa katekisimu amesema ni minne." Nikamwambia tunao huo mmoja. Akanyamaza, akatafuta msumari, akauchora mistari mitatu kuzunguka, ukawa vipande vinne. "Basi tuwashe kipande kimoja kila Dominika." Tulikaa tukiutazama hadi ukafika kwenye mstari wa kwanza, akauzima yeye mwenyewe. Nililia, na sikuwa nimelia tangu Februari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mdogo wangu: usikimbilie Noeli. Washa kidogo, zima, ngoja. Soma somo moja la siku polepole, hata kama linakuudhi. Kisha ngoja tena.

Dominika iliyopita, ya tatu, wanaiita ya furaha, na Injili yake ni ya mtu aliyefungwa! Yohana yumo gerezani, anatuma watu wamwulize Yesu kama ndiye ajaye au wamtazamie mwingine. Nabii mzima, aliyembatiza mtoni, anauliza. Na Yesu hamkemei. Wala gereza halikufunguka. Anamwambia vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Ndugu zangu, acheni kujifanya mna furaha kanisani! Ulizeni. Mtu mzima anayengoja kweli huuliza, na Majilio ni ya waulizaji. Mkulima naye, katika barua ya Yakobo ya siku ileile, anangoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na wakati huo palizi haisimami.

Palizi yangu ilikuwa yule mama. Jumatatu nilipandisha matope hadi kwake. Alishtuka, akafuta kiti kwa kitenge chake, akanipa chai isiyo na sukari. Hatukutaja karo. Wakati wa kutoka akaniambia aibu ndiyo iliyokuwa ikimgeuza njiani: hana cha kunirudishia. Nawe mtafute wa kwako kabla ya tarehe 24, usingoje aanze yeye.

Kipande cha nne kimebaki, mwanangu amekificha kwenye kopo panya wasikile. Njoo Dominika saa kumi na mbili jioni. Yule mama anakuja pia. Lete kibiriti, changu kimelowa.