Jezi, medali, viatu vya mtoto: maswali yenu ya fremu za boksi

Maswali yamejaa kuhusu fremu za boksi, zile zenye kina za kuwekea vitu vinene badala ya picha. Nayajibu kadiri navyoweza.

Nina jezi yenye saini za timu nzima, fundi anasema ataibandika na gundi. Nimruhusu?

Hapana jamani, mzuie leo hii. Jezi inashonwa haibandikwi. Kata bodi isiyo na asidi (kadibodi ya kuhifadhia vitu, haiachi madoa ya njano) kwa umbo la kifua, iingize ndani ya jezi kama vile kuna mtu kaivaa, alafu shonea kwenye bodi ya nyuma kwa uzi wa rangi ileile, mabegani, mikononi na kwenye pindo la chini, na sindano ipite katikati ya nyuzi za kitambaa isizikate. Gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa joto, joto likipanda inaachia, jezi nzima inashuka, nimeshafungua fremu ya hivo nikakuta jezi imejikunja chini kama nguo ya kufua na madoa ya njano yamepita hadi upande wa mbele, yale hayatoki tena. Kipimo changu ni kimoja tu, kitu kikitolewa kiwe kama kilivyoingia. Na saini za kalamu ya wino zinapauka haraka sana kwa mwanga kwahiyo ukuta unaopigwa na jua usahau kabisa.

Medali ya babu imekuwa nyeusi, niing'arishe kwanza?

Usiiguse na dawa ya kung'arishia! Kila ukisugua unaondoa metali kidogo, maandishi na sura vinafutika. Weusi wa madini ya fedha unaletwa na gesi za salfa, na vitu kama raba au kitambaa cha sufu vinazitoa, sasa ukiifungia navyo ndani ya boksi ndo unaiharibu zaidi, weka kitambaa cha pamba nyuma yake. Ile silikoni (gundi ya kuzibia) yenye harufu ya siki nayo isikaribie, inatoa asidi inayokula metali. Vaa glavu, maana jasho la kidole linaacha alama ambayo baadae inajichora yenyewe kwenye metali. Na kama utepe ni mkongwe usiuachie ubebe uzito, shikilia medali yenyewe kwa vikulabu vyembamba vilivyovikwa plastiki.

Kina kiwe kiasi gani?

Pima sehemu nene kuliko zote, ongeza kama sentimita 1. Kitu kisiguse kioo, unyevu unaganda pale.

Maua ya harusi nimeyaweka wiki mbili tu, kioo kina ukungu kwa ndani.

Pole sana, hayakuwa yamekauka. Fungua leo, yaliyoota kuvu toa. Yaliyopona yafukie kwenye chembe za silika, zile za vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, hadi bua ukilikunja linavunjika kwa mlio, sio linapinda. Rangi itapungua kidogo kidogo hata ukiweka kioo cha kuzuia miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana, kinapunguza tu.

Kioo au akriliki?

Fremu kubwa akriliki, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ni nyepesi. Ila inachubuka, na ukiifuta inapata umeme tuli unaovuta manyoya na petali, kwa vitu hivo baki na kioo.

Viatu vya kwanza vya mwanangu, nivishikishe vipi bila gundi?

Hili nimelipenda. Jaza ndani karatasi laini isiyo na asidi ili ngozi isibonyee, toboa matundu mawili madogo kwenye bodi nyuma ya kila kiatu, pitisha uzi mwembamba wa nailoni kama wa kuvulia samaki kuzunguka pale soli inapokutana na kisigino, funga fundo kwa nyuma, usikaze hadi ngozi ikunjike. Kimoja kisimame, kingine kilaze ubavu kidogo soli ionekane, na lile vumbi lililokauka kwenye soli usilipanguse, ndo hatua zake zile.