Kila kitabu na kipimo chake: maswali ya wasomaji kuhusu uhakiki

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu aliyezoea aina moja ya vitabu atahakikije aina nyingine bila kumwonea mwandishi, na bila kumdanganya msomaji? Tumechagua zile zenye maswali ambayo wengi wanayo.

Ndugu wahariri, mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi. Hivi karibuni nilihakiki riwaya ya mapenzi, nikaandika kwamba ni dhaifu kwa sababu mwisho wake ulijulikana tangu sura ya pili. Wapenzi wa riwaya hizo wamenijia juu. Nilikosea wapi?

Ndugu msomaji, ulipima kitambaa kwa kibaba. Anayechukua riwaya ya mapenzi anajua tangu jaladani kwamba wawili hao watapatana. Hilo ndilo analolitaka. Anachosubiri ni kuona watapatanaje, na kama watakuwa wamelipia kupatana kwao. Ungekagua kizuizi kinachowatenganisha: je, kingeweza kuondoka kwa mazungumzo ya dakika tano? Kama wangeketi tu wakaulizana na mambo yakaisha, hapo una kasoro ya kweli, na wapenzi wa riwaya hizo wangekubaliana nawe.

Kila utanzu hutoa ahadi yake. Riwaya ya upelelezi huahidi fumbo linalofumbulika kwa haki. Hadithi ya kutisha huahidi hofu inayopanda hatua kwa hatua. Bunilizi ya kisayansi na hadithi za ulimwengu wa ajabu huahidi kwamba ulimwengu ule una kanuni, na kwamba mwandishi hatazivunja akibanwa. Ukisoma vitabu vya namna hii, andika kanuni hizo pembeni kadiri zinavyotajwa. Ikiwa sura ya tatu inasema lango hufunguka mara moja kwa siku, halafu sura ya ishirini linafunguka mara mbili kwa kuwa shujaa amezingirwa, utakuwa na ushahidi mkononi badala ya hisia tu kwamba “mwisho haukuniridhisha”.

Kabla hujaanza kusoma, chukua kipande cha karatasi. Soma jalada la mbele na la nyuma, dibaji na kurasa kumi za mwanzo, kisha kamilisha sentensi hii: “Kitabu hiki kinaniahidi…” Ukimaliza kitabu, jibu maswali mawili. Ahadi imetimizwa? Na je, ilistahili kutolewa? Wengi husahau swali la pili, na matokeo yake husifu kila kitabu kilichofanya kile kilichokusudia, hata kama kilikusudia kidogo mno.

Kama utanzu ni mgeni kwako kabisa, soma walau vitabu vingine viwili vya aina hiyo kwanza, kimoja cha zamani kinachoheshimiwa na kimoja cha karibuni. Asiyefanya hivyo huishia kusifu kama ubunifu mpya jambo ambalo waandishi wa utanzu huo wamelirudia kwa miaka mingi.

Nawezaje kuhakiki riwaya ya upelelezi bila kutoboa siri? Nikificha kila kitu, uhakiki unabaki mtupu.

Weka mpaka: usisimulie tukio lolote lililo baada ya robo ya kwanza ya kitabu, isipokuwa limetajwa kwenye jalada la nyuma. Riwaya ya kurasa 280 inakupa kurasa 70 za kusimulia, na zinatosha sana. Mwisho uuzungumzie kwa sifa zake tu, bila tukio lenyewe.

Linganisha sentensi hizi. “Inashangaza kwamba muuaji ni mtu aliyeaminiwa na wote” inaonekana haijafichua kitu, kumbe imeshaondoa nusu ya washukiwa. Bora hii: “Nilirudi kwenye sura tatu za mwanzo nikakuta dalili zote zimo, mbili kati yake zimefichwa ndani ya mazungumzo ya kawaida kabisa.” Umetoa hukumu nzito, na uhondo umebaki salama. Hata neno “mgeuko” lina hatari yake: ukisema kuna mgeuko mkubwa karibu na mwisho, msomaji atasoma kitabu chote akiuvizia.

Na kweli rudi kwenye sura hizo. Usomaji wa pili wa sura za mwanzo ndio kazi kubwa ya mhakiki wa upelelezi. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi na mwandishi wa Uingereza, aliorodhesha kanuni kumi za hadithi hizi. Ya kwanza inataka mhalifu awe ametajwa mapema, na nyingine inamkataza mpelelezi kuokota dalili asiyoonyeshwa msomaji. Waandishi wazuri wamezivunja baadhi ya kanuni zake, lakini hizo mbili bado ni kipimo kizuri cha haki.

Nikimaliza kusoma nakuta nimepigia mistari nusu ya kitabu, na kila nilichopigia kinaonekana muhimu. Nianzie wapi?

Aliyepigia mstari kila kitu hajachagua chochote. Acha mistari, tumia alama nne tu za penseli pembeni mwa ukurasa: + kwa kilichofanikiwa, – kwa kilichoshindwa, ? kwa usichokielewa au usichokiamini, na = kwa jambo linalojirudia. Kwenye karatasi ya pembeni andika namba ya ukurasa na maneno matatu au manne ya kukumbusha, kama “uk. 47, mama ananyamaza tena”. Kitabu kikiwa cha kuazima, alama zote ziende kwenye karatasi.

Kwa riwaya ya kurasa 300, maandishi 15 hadi 20 yanatosha. Uhakiki wa maneno 700 utatumia maandishi matano au sita kati ya hayo. Alama ya = ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu mama anayenyamaza kwenye ukurasa wa 47, wa 112 na wa 230 amekupa hoja ambayo jalada halikuitaja.

Angalizo kwa wanaosoma kwenye simu: namba za kurasa hubadilika ukikuza herufi. Andika namba ya sura na maneno machache ya mwanzo wa sentensi, vinginevyo hutaiona tena dondoo yako.

Ukikaa kuandika, muhtasari usizidi theluthi moja ya uhakiki. Ukiona aya mbili zinazofuatana zinaanza na “kisha” na “baadaye”, umeacha kuhakiki, unasimulia.

Nimeombwa nihakiki diwani ya mashairi. Sina uzoefu wa ushairi, naogopa kuaibika.

Woga huu tunauelewa, na dawa yake ni kuhesabu. Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, linakupa vitu vya kukagua kwa vidole kabla hujafikia suala la uzuri. Tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida huwa na mizani (silabi) 16 kila mshororo: nane kwenye ukwapi (nusu ya kwanza) na nane kwenye utao (nusu ya pili), na vina, yaani silabi zinazofanana kwa sauti, katikati na mwishoni. Tazama mishororo hii mitatu, tuliyoitunga kwa ajili ya jibu hili:

*Kitabu nimekisoma, neno nimelitambua,*
*Kurasa nimezipima, na mengi nimeyajua,*
*Mtunzi ana hekima, mwisho umepungua.*

Hesabu ukwapi wa kwanza: ki-ta-bu-ni-me-ki-so-ma, nane. Utao wake: ne-no-ni-me-li-ta-mbu-a, nane. Mshororo wa pili uko sawa. Wa tatu, “Mtunzi ana hekima” unatimia, kwa kuwa *m* ya “mtunzi” inahesabiwa peke yake. Lakini “mwisho umepungua” ni mwi-sho-u-me-pu-ngu-a, saba. Vina vipo, “ma” katikati na “ua” mwishoni, ila mizani moja imeanguka, na ukisoma kwa sauti unasikia kama mtu aliyekosa ngazi. “Mwisho wake wapungua” ungeziba pengo.

Usikimbilie kuandika “mtunzi hajui arudhi” kwa sababu ya mshororo mmoja. Kagua mashairi matano kutoka sehemu tofauti za diwani. Kasoro ikiwa ya nadra, huenda ni ya uchapaji. Ikirudi kila ukurasa, iseme na utoe mfano. Tofautisha pia kasoro na uhuru wa mtunzi: “alosoma” badala ya “aliyesoma” ni inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, na “Afirika” badala ya “Afrika” ni mazida, yaani kulirefusha. Zote mbili zinaruhusiwa. Zinapozidi mpaka maana inafifia, hapo ndipo pa kulalamika.

Mashairi huru yana kipimo kingine. Tangu mshairi Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, kumekuwa na wanaoyahukumu mashairi ya namna hii kwa vina ambavyo hayakuahidi kuwa navyo, na kwa maoni yetu hiyo ni dhuluma. Jaribu hivi: nakili shairi zima kama aya ya kawaida, mistari ikifuatana. Ukisoma na kuona hakuna kilichopotea, ukataji wa mistari haukuwa unafanya kazi. Ukihisi pumzi imebadilika, au neno lililokuwa peke yake limemezwa, umepata cha kuandika.

Soma diwani kwa siku kadhaa, mashairi matano au sita kwa kikao, na kila shairi mara mbili, mara moja kwa sauti. Anayesoma mashairi 60 kwa usiku mmoja huona yote yanafanana na kumlaumu mtunzi, kumbe ni uchovu wake. Katika uhakiki usijaribu kuyagusa yote. Chagua matano, likiwemo moja lililokushinda.

Na vitabu visivyo vya kubuni? Mimi si mwanahistoria wala daktari. Nitajuaje kama mwandishi anasema kweli?

Huwezi kukagua kila kitu, lakini unaweza kukagua kwa sampuli. Chagua madai matatu: moja unalolijua vizuri, moja linalobeba hoja kuu, na moja lililokushtua. Yafuatilie kwenye tanbihi. Je, chanzo kipo? Kinasema kile mwandishi anachodai, au kimevutwa sikio? Dai zito lisilo na tanbihi ni kasoro ya kutajwa, hata kama hujui ukweli wake.

Fungua faharasa utafute maneno matano ambayo msomaji angeyatafuta. Yakikosekana matatu, kitabu cha rejea kimefeli nusu ya kazi yake. Kitabu cha mafunzo, kiwe cha ushonaji au cha programu za kompyuta, fuata somo moja neno kwa neno mpaka mwisho. Utakapokwama ndipo hatua iliporukwa, na hakuna njia nyingine ya kuiona.

Kwa tawasifu, chora mstari wa miaka na uweke kila sura mahali pake. Miaka minane inayopitwa kwa sentensi moja inazungumza. Iseme kwa adabu, kwamba kitabu kimenyamaza hapo, bila kubuni sababu.

Maswali mafupi

*Nyota tatu kati ya tano maana yake nini?* Ile uliyoiandika wewe kabla ya kuanza kutoa nyota. Yetu ni hii: tatu ni kitabu kilichotimiza ahadi bila kuizidi. Usitoe nyota siku uliyomaliza kitabu, subiri usiku mmoja upite, maana mwisho mzuri hufunika katikati mbovu.

*Naruhusiwa kuacha kitabu njiani?* Kama msomaji, ndiyo. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani, alishauri usome kurasa 50 kabla ya kukiacha, na kwa mtu aliyepita miaka 50, kurasa mia moja kutoa umri wake. Kama mhakiki, ukiacha na bado unataka kuandika, taja ukurasa ulioishia katika aya ya kwanza, na usitoe nyota.

*Mwandishi ni rafiki yangu, na kitabu alinipa bure.* Yaseme yote mawili mwanzoni, kwa sentensi moja. Kama huwezi kuandika kasoro hata moja, mwachie mwingine.

*Nisemeje kuhusu tafsiri?* Mtaje mfasiri kwa jina, kwa sababu sentensi unazozisifu ni zake. Hata usipojua lugha ya awali, unaweza kuonyesha pale Kiswahili kinapokwaruza na pale kinapotiririka.

*Kitabu cha picha cha watoto kina kurasa 32 tu. Niandike nini?* Kurasa 32 ndiyo kawaida yake, kwa sababu ya namna karatasi za uchapaji zinavyokunjwa. Kisome kwa sauti, kisha funika maneno usome picha peke yake. Picha zikirudia tu yaliyoandikwa, kimoja kati ya hivyo viwili hakina kazi. Kama una mtoto wa umri huo karibu, angalia anaomba kurudi ukurasa gani.

*Tamthilia ninaisoma tu, sijaiona jukwaani.* Funika majina ya wahusika kwa karatasi, usome mazungumzo ya kurasa tatu. Ukiweza kujua nani anasema, mwandishi ameupa kila mdomo lugha yake. Kisha hesabu wahusika na mabadiliko ya mandhari: onyesho moja linalohama mto, ikulu na soko ndani ya kurasa nne litamtesa mwelekezi yeyote, na wanaotaka kuliigiza wanahitaji kulijua hilo mapema.