Re: Versailles kwa siku moja na watoto, inalipa?

Mkuu nimeona umeuliza kama mkiwa Paris mwezi wa nane na familia inafaa kutoa siku nzima kwenda Versailles au mbaki tu mjini, na wadau kadhaa wamekujibu kwamba ni jumba la wafalme tu, picha zake zimejaa mtandaoni. Mi naishi Ubelgiji na kila nikipata mgeni toka nyumbani akitaka kuiona Ufaransa namfikisha kule, kwa hiyo nakwambia nenda, na hasa wewe Mtanzania nenda.

Usafiri sio shida. Panda treni ya RER C, vituo vyake vya pale mjini viko kando ya mto Seine, ila soma ubao vizuri uhakikishe treni inaishia Versailles Château Rive Gauche maana hiyo line ina matawi mengi na Versailles Chantiers ni kituo kingine ambacho kiko mbali kidogo na kasri. Jumatatu kasri linafungwa. Jumanne ni wazi ila watu ni wengi kwa sababu makumbusho ya Louvre kule Paris yanafungwa Jumanne, sa wageni wote wanahamia huku. Tiketi nunua mtandaoni mapema, chukua ile inayoitwa Passport ambayo inakupa kasri, bustani na Trianon (majumba madogo ya kifalme humo humo kwenye eneo), uchague na saa ya kuingia, na hapo chagua asubuhi kabisa. Watoto chini ya miaka 18 kasri wanaingia bure.

Ndani vyumba ni vingi na usijilazimishe kusoma kila kitu. Ujue tu kwamba pale palianza na nyumba ya kuwindia ya Louis XIII mwaka 1623, afu mwanae Louis XIV akapanua akapanua mpaka 1682 akahamishia serikali na wakubwa wote pale, akawa anawaona kila siku na hakuna anayepata cheo bila kuonekana mbele yake. Ukishalielewa hilo utaona kwa nini hata kitanda cha mfalme kimewekwa kama jukwaa.

Ila Ukumbi wa Vioo usipite haraka. Una urefu wa mita 73, upande mmoja madirisha 17 yanatazama bustani na upande wa pili matao 17 yenye vioo 357, na zama zile kioo kikubwa kilikuwa mali ya thamani sana na mabingwa wake walikuwa Venice. Bismarck na wenzake walitangazia dola ya Ujerumani humo humo Januari 1871 baada ya kuwapiga Wafaransa, na ndo maana vita kuu ya kwanza ilipoisha Wafaransa wakataka Mjerumani aje asaini mkataba wa amani humo humo, tarehe 28 Juni 1919.

Sasa sikiliza, mkataba ule ni wetu pia. Kifungu cha 119 Ujerumani inaachia makoloni yake yote, yaani hapo ndo Mjerumani alivuliwa rasmi nchi yetu, ndo tukaja kuwa Tanganyika chini ya Mwingereza na Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji. Na kifungu cha 246 kinasema ndani ya miezi sita Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa toka Afrika Mashariki. Mkwawa wetu wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo 1891 na akajiua 1898 kuliko kukamatwa, kaandikwa kwa jina kwenye karatasi moja na mambo ya mipaka ya Ulaya na fidia za vita! Miezi sita ikapita, miaka ikapita, fuvu lilikuja kurudi 1954, Gavana Twining akalikabidhi Kalenga. Nilimpeleka mjomba wangu, mtu wa Iringa, Kalenga kwenye makumbusho alishafika tangu anasoma ila hakuwahi kuambiwa kwamba habari ile ilitiwa saini kwenye ukumbi huu, nikamsomea kifungu kwenye simu tukiwa tumesimama dirishani na aligoma kuondoka, akanirudisha nianze upya pole pole. Wasomee wanao, wakiwa wamesimama pale pale. Kwa mimi hiyo peke yake inatosha kulipa nauli.

Mchana ni wa bustani, na hapa ndo watu wanakosea wanatoka kasri wamechoka wanapiga picha ngazini wanarudi. Bustani ilichorwa na André Le Nôtre, ukisimama juu unaona mstari mmoja ulionyooka mpaka Mfereji Mkuu ambao una urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Watoto watapenda chemchemi ya Latona yenye watu wanaogeuka vyura. Maji yalimsumbua sana yule mfalme, pale hakuna mto mkubwa, ikabidi wajenge mtambo wa magurudumu 14 kule Marly kuyavuta toka Seine na bado hayakutosha, mafundi walikuwa wanapigiana filimbi wafungulie chemchemi mfalme anapokaribia na kufunga akishapita.

Chakula nunueni mjini mkifika, mbebe. Ndani ya bustani hairuhusiwi kukaa kula chini, ila ukishuka mpaka kwenye nyasi za mferejini ruksa, na pale kuna mitumbwi ya kukodi ya kupiga makasia. Trianon inafunguliwa saa sita mchana, kwa hiyo nendeni baada ya kula. Kuna kijiji cha malkia Marie Antoinette chenye mbuzi na kondoo na watoto watapumzika, wewe utaona alijijengea shamba la kupumzikia huku watu wa Paris wanatafuta mkate, na Oktoba 1789 kina mama wa Paris wakatembea kwa miguu mpaka pale kudai huo mkate na kesho yake familia ya kifalme ikaondolewa.

Kwa kuwa ni Agosti, chagua Jumamosi au Jumapili maana wanarusha maji na muziki. Siku hizo bustani ina kiingilio, ila kwenye Passport kimo, we angalia tu tarehe kabla hujalipa.